Mgeni wa Kila Jioni

Karibu na chumba nilichopanga hapa mtaa wa Gudele, Juba, kuna fundi wa pancha ambaye kila jioni, kabla hajafunga kazi, hugonga rimu za magari kuzinyoosha. Ni mlio wa chuma kitupu, unavuma na kukawia hewani. Nikiusikia, mimi huangalia sahani, nione kama kuna mtu hajamaliza kula. Hata nikiwa peke yangu. Najua ni upuuzi. Nina shahada, sina kazi, na nafasi ya kuwaza upuuzi ninayo tele, kwa hiyo nivumilieni niwaeleze ulikoanzia.

Nilikulia Boma la Neema. Boma hilo halikujiotea kama mitaa mingine ya Juba. Wazee wa kanisa letu walilichora kwanza ubaoni: jumba la sala katikati, nyumba zikilizunguka, milango yote ikilitazama, na ukuta wa matofali nje. Hakuna nyumba iliyokuwa na mlango wa nyuma. "Mtu wa nuru hatokei nyuma," walisema. Vijia vilipewa majina ya fadhila. Sisi tulikaa Njia ya Upole, ambako wanawake waligombana kuliko kwingine kote, maana pampu ya maji ilikuwa hapo.

Mama, Mkenya aliyepika hotelini mtaa wa Hai Amarat, alimfuata mwenzake wa jikoni kwenye sala, akabatizwa mtoni, akapewa nyumba. Baba alikuwa Mganda, muuza unga soko la Konyo Konyo, Mkatoliki, na hakutaka kubatizwa mara ya pili. Sheria ya Boma ilikuwa fupi: asiyezama katika maji yetu ni mgeni, na mgeni hutoka kengele ikilia. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia langoni.

Basi baba yangu alikuwa mgeni. Alikuja kila jioni akiwa na harufu ya unga na vumbi la boda, akala nasi, akanisikiliza nikisoma kwa sauti. Rimu ikilia, alinawa mikono na kutafuta viatu. Mara nyingine ugali ulikuwa bado shavuni.

Mlinzi wa lango, Mzee Lado, alimpenda sana.

"Ya Okot! Mgeni wa kudumu! Hata leo hujaokoka?"

"Mimi iko naokoka polepole, mzee. Bei ya unga iko juu, ya wokovu pia iko juu."

"Khalas, toka basi. Kesho kuja na sukari."

Walicheka. Mimi sikucheka. Watoto wa Njia ya Upole walikuwa wakinifuata na wimbo wao, "Mgeni wenu, kengele yake!", nami nikalala na hasira. Ni maji tu, niliwaza. Mbona anaoga kila siku? Ana shida gani kuoga mara moja mbele ya watu? Kesho yake nilimkasirikia mama: kwa nini tusihame tukakae naye nyuma ya duka lake, alikolala? Niliwakasirikia kwa zamu, nisije nikampendelea mmoja.

Jioni moja rimu ilipolia niling'ang'ania mguu wake, nikalia hadi majirani wakatoka milangoni.

"Wewe mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, "unataka baba alale hapa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Sawa. Baba itaingia maji."

Siku yenyewe Boma zima lilishuka mtoni. Kanzu nyeupe waliyompa ilikuwa fupi, magoti yakaonekana, na mama akacheka kwa furaha, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshamtandikia baba kitanda. Alisimama maji yakiwa kiunoni, mzee wa kanisa akamwekea mkono kichwani.

"Sema mbele ya mashahidi: nilikotoka kulikuwa giza, na walionilea walinilea gizani."

Baba aliinua kichwa.

"Mama yangu ndiye alinifundisha kuomba," alisema. "Alikufa na rozari mkononi. Yeye iko giza gani?"

"Ni maneno tu, ndugu Okot."

"Kama ni maneno tu, niache nisiyaseme."

Akatoka majini, kanzu imemganda mwilini. Aliponifikia alisema, "Malesh, mama. Samehe baba." Jioni hiyo alikuja kula kama kawaida, na rimu ilipolia akaondoka kama kawaida.

Baadaye mji ulichafuka. Tulilala sakafuni tukisikiliza risasi nje ya ukuta, na pampu yetu iliendelea kutoa maji wakati mitaa mingine haikuwa na tone. Duka la baba lilivunjwa. Milio ilipotulia alikuja, nywele nyeupe kwa unga, maana alikuwa amejificha katikati ya magunia. Aliuliza tumekula nini. Mama akasema, "Tunatoka. Twende na wewe."

"Mutoke muende wapi? Hapa iko ukuta. Hapa iko maji. Kaeni."

Na rimu ikalia. Siku hiyo pia! Mzee Lado aliigonga huku ameangalia kando. Baba akatafuta viatu.

Nilidhani alitunyima kitu kidogo. Nimekuja kuelewa kwamba sentensi ile ya mtoni ingemlaza nyumbani kwetu kila siku, akakataa kuisema, na bado hakututoa nyuma ya ukuta ule ili aepuke upweke wake. Nimeelewa, lakini sijatulia. Nikiwaza ubao ule wa wazee, nyumba zote zilizopangwa vizuri namna ile, nashindwa kuelewa ilikuwaje hakuna aliyemchorea baba yangu hata mkeka. Mama bado anaishi kule. Hilo nalo nikiliwaza, silali.

Juzi baba alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza hapa Gudele. Nilimpikia ugali na samaki. Alipokuwa katikati ya chakula, fundi akagonga rimu. Baba aliweka tonge chini, akanawa mikono, akainama mlangoni.

"Baba," nilisema, "hapa ni kwangu. Kaa."

"Eh, mama. Mimi najua."

Akarudi, akakaa, akaendelea kula. Lakini kiatu kimoja alikuwa ameshakivaa, na hakukivua.