Si Wasiwasi, Jarida la Mwalimu Dorsaf

Dorsaf alikuwa na miaka thelathini na minane alipopewa jina la ugonjwa wake. Kabla ya hapo, tangu alipovunja ungo, alikuwa ameambiwa mengi: kwamba ana wasiwasi tu, kwamba anywe maji ya moto, kwamba akiolewa maumivu ya kila mwezi yatakwisha. Aliolewa. Maumivu hayakwisha, ikaisha ndoa.

Daktari mmoja wa Tunis, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimfanyia upasuaji, kisha akamchorea picha nyuma ya karatasi ya dawa.

"Utando unaotakiwa kuwa ndani ya mji wa mimba umeota nje yake," alisema. "Kila mwezi unavuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Ugonjwa huu unaitwa endometriosisi. Na usikubali tena mtu akuambie ni wasiwasi."

Dorsaf alirudi kwao Sfax, alikokuwa akifundisha Kiarabu, akatafuta cha kusoma. Alivyovipata vilikuwa vya madaktari, kwa Kifaransa kilichomtoa jasho. Akakaa mezani akaandika mwenyewe: kurasa kumi na sita, mara nne kwa mwaka. Jarida akaliita *Si Wasiwasi*.

Bwana Habib, mchapaji wa kadi za harusi ndani ya mji mkongwe, alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Mwalimu, humu dukani wanaingia mabibi harusi na mama zao."

"Hao hao ndio ninaowatafuta."

Mzee alicheka bila kupenda. Alichapa, ila kwa sharti moja: marundo yalazwe kifudifudi, jalada lisionekane.

Dorsaf aliyagawa majarida katika saluni, katika duka la dawa la rafiki yake, na kwa mama anayeuza tiketi za hamamu, bafu la umma, upande wa wanawake. Barua zikaanza kuja. Kila aliyesimulia habari zake alipewa jina la bandia, maana mji wenyewe ni huo huo, na kila mtu ni shemeji wa mtu.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa mama yake. Bi Wassila alikuwa na miaka sabini na mmoja, na waliishi pamoja. Alikunja kurasa na kuzibana kwa stepla kama alivyoombwa, lakini mdomo haukutulia.

"Mambo ya chini ya nguo unayaanika kama pilipili juu ya paa. Sisi tulivumilia."

"Mlivumilia nini, Mama?"

"Tulivumilia. Nipe stepla."

Toleo la nne lilipokuwa tayari kwenda kwa Bwana Habib, mwanamke aliyeandika simulizi kuu alipiga simu akilia. Mumewe ameisoma, ameikataa. Dorsaf alimtuliza, akamwambia haitatoka, asijisumbue. Kisha akabaki anatazama kurasa mbili tupu.

Bi Wassila alikuwa akimenya lozi upande wa pili wa meza. Hakuinua macho.

"Andika yangu."

Dorsaf alidhani hakusikia vizuri.

"Andika, kabla sijabadili nia," alisema mama, akaanza kusimulia taratibu, kama anayetoa maelekezo ya mapishi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, msimu wa kuvuna zeituni, ukoo mzima wa mume ulikwenda shambani. Siku zake zilipofika alianguka chini ya ngazi akitapika kwa maumivu. Wakamburuta kivulini. Mwezi uliofuata ikawa vile vile. Wifi yake Mahbouba akamtungia jina, Malkia wa Kivuli, na wote wakalishika. Alimzaa Dorsaf kwa taabu, na baada yake hakushika mimba tena. Malkia amechoka kuzaa, walisema.

"Mbona hukuniambia?" Dorsaf aliuliza. "Nilipokuwa najikunja sakafuni, mbona hukuniambia?"

Mama aliweka kisu chini. "Nilikutazama nikasema, nimemrithisha. Ningekuambiaje?"

Dorsaf alizunguka meza, akakaa karibu naye. Kisha akachukua kalamu.

"Nikupe jina gani? Zubaida?"

"Zubaida ndiye nani? Waliponiita mvivu hawakuficha kwamba ni mimi. Andika Wassila. Na la baba yangu uliweke."

Toleo lilitoka hivyo hivyo. Bwana Habib alisoma zile kurasa mbili akiwa amesimama, akapanga herufi upya ili jina lionekane vizuri. Kuanzia toleo lile, marundo dukani yalikaa jalada juu.

Wiki tatu baadaye Mahbouba alibisha hodi. Alikuwa na miaka themanini, hajui kusoma. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea jarida. Aliingia na dumu la mafuta ya zeituni, akalitua mlangoni, akaketi.

"Umenitangaza, Wassila."

"Wewe ulinitangaza kwanza, wifi. Kunywa chai."

Alikunywa glasi nzima, akaiweka chini.

"Yule mtoto aliyenisomea," alisema, "kila mwezi kuna siku hakai darasani. Nilikuwa namwambia anadeka. Juzi alifika penye habari ya kivuli, akashindwa kuendelea. Akaniuliza, bibi, ni wewe huyu?" Akamgeukia Dorsaf. "Nipe jina la huyo daktari, mwanangu. Liandike kubwa, dereva wa teksi alisome."

Dorsaf aliandika, na safari ya Tunis akaenda nao. Msichana hakupona, kwa kuwa ugonjwa ule hauna dawa ya kuung'oa kabisa, lakini alipata matibabu, na sasa siku nyingi za mwezi anafika darasani. Mahbouba hakuomba msamaha kwa mdomo wake. Bi Wassila naye hakuudai. Ila mafuta yaliyoletwa aliyapikia, na yakiisha huletwa mengine.

Jarida bado linatoka, ingawa si kila mara kwa wakati. Msimu uliopita Dorsaf alilala siku nane, chupa ya maji ya moto tumboni, na Bi Wassila akamkataza kugusa kalamu. Lilipotoka hatimaye, ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari miwili: "Toleo hili limechelewa kwa sababu mhariri alikuwa anaumwa. Hatuna haja ya kuwaeleza zaidi."

Hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika.