Kiazi Kilichokuwa Serikali

Nilizaliwa Ngungu, nikaolewa Ngungu, nikafiwa na mume Ngungu, na katika muda huo wote nimekombolewa mara nne bila kuhama. Kila waliokuja walisema wanatukomboa kutoka kwa waliotangulia. Majina yao yalikuwa marefu, ya Kifaransa, kwa hiyo sisi tuliwaita kwa yale tuliyowakumbukia. Kulikuwa na Wale wa Mbuzi. Kulikuwa na Wale wa Redio, waliokusanya redio zetu zote ili tusisikilize uongo, wakakaa kuusikiliza wao. Kisha wakaja Wale wa Muhuri. Wa nne walikaa siku tisa tu, hatukuwahi kuwapa jina.

Mimi ni Euphrasie. Shule sikuingia, baba alisema lazima mmoja abaki na mbuzi, akanitazama mimi. Mume wangu Élie aliniachia binti mmoja, Mapendo, na shamba moja la viazi pale mteremkoni. Matanga yake hayajaisha, mdogo wake Sébastien akaenda kwa Wale wa Muhuri, akarudi na karatasi. Karatasi ilisema shamba ni lake. Sikuweza kuisoma, lakini tulijuana nayo, maana iliandikwa ndani ya nyumba yangu, juu ya meza yangu. Sebule yangu walikuwa wameifanya ofisi, na mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia.

Muhuri wenyewe ulikuwa kiazi. Ule wa mpira uliagizwa, haukufika, kwa hiyo komanda alitoa kiazi katika gunia langu, akakikata katikati, akachonga simba na maneno. Kikinyauka, alichukua kingine. Kwa miezi minne gunia langu liliongoza nchi.

Siku walipoondoka, mbio, waliacha muhuri wa mwisho mezani. Mgongoni ulikuwa na macho mawili yanayochipua. Nikaupanda nyuma ya jiko. Sikuwa na mpango wowote. Kiazi ni kiazi.

Miaka saba ikapita. Mwaka huu Mwalimu Léopold, aliyefundisha hapa mpaka meno yakamtoka, aligundua kwamba kitabu cha historia cha shule kinaishia kabla watu wa Ngungu hawajaanza kukombolewa. Akasema baraza la kijiji liwahukumu wote waliopita: nani alifaulu, nani alishindwa, na yote yaandikwe katika kaye moja ya kurasa mia, watoto wasome.

Sasa, kwetu mtu asiyekuwepo hahukumiwi mpaka mwingine akalie kiti chake na kumsemea. Kiti kikiwa kitupu, hukumu ni bure. Wa kushitaki walijipanga mpaka nje ya uwanja. Wa kukalia kiti hakupatikana hata mmoja.

"Mama Mapendo," Mwalimu akaniambia, "weye njo utakalia."

"Mimi? Walimaliza mbuzi zangu zote."

"Njo maana yake. Hakuna muntu atasema walikuhonga."

"Na mimi nitapata nini?"

"Ukimaliza, baraza itasikia kesi ya shamba lako. Siku ile ile."

Kesi hiyo ilikuwa imesubiri miaka saba. Ilikuwa imepitwa hata na kesi ya bata. Nikakalia.

Tulianza na Wale wa Mbuzi. Aliyesimama kushitaki ni Dancille, muuza maandazi, ambaye akikusalimia tu unajiuliza umemkosea nini.

"Walikula mbuzi arobaini na mbili," akasema.

"Na majani yakaota tena kilimani," nikasema. "Tangu mwaka ule kilima hakijaporomoka. Nani mwingine hapa amelinda udongo wetu?"

Watu wakageuka kutazama kilima. Kilikuwa hakijaporomoka.

"Mbuzi wangu alikuwa na mimba."

"Hawakubagua, dada. Ao ulitaka watu wenye ubaguzi?"

Mwalimu akaandika: wamefaulu, kwa upande wa udongo.

Nikakalia kiti cha Wale wa Redio. Nikasema mwaka ule wanaume hawakuwa na redio ya kukaa nayo, wakachimba mitaro yote ya shamba, na wazee wawili waliogombana kwa ajili ya habari za mbali walipatana kwa kukosa habari. Wamefaulu pia. Hapo nilijua jambo moja baya: nilikuwa na kipaji. Miaka hamsini nimesema ukweli katika kijiji hiki, watu wakawa wanapiga miayo. Asubuhi moja ya kusema upuuzi, walinyamaza kama wako kanisani.

Wakabaki Wale wa Muhuri, maana wa nne hawakuwa na jina la kuandikwa. Dancille alikuwa ameanza kukasirika.

"Hawa hata muhuri hawakuwa nao. Serikali gani inatawala na kiazi?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nafikiria shamba langu, nikitaka tumalize haraka, na mdomo ulishazoea.

"Serikali inayotumia kilichoko," nikasema. "Mpira unatoka mbali, hatumjui aliyeutengeneza. Kiazi tumelima wenyewe. Muhuri ule ulikuwa wa halali kuliko mihuri yote iliyofika hapa."

Wakapiga makofi. Mwalimu akaandika: wamefaulu, muhuri wao ni halali.

Sébastien alikuwa nyuma akitafuna muwa. Akasimama, akavua kofia, ndani ya kofia akatoa mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko akatoa karatasi yake.

"Basi kesi ya shamba imekwisha," akasema. "Shemeji amesema yeye mwenyewe. Aksanti sana, shemeji."

Nilikuwa bado nimekalia kiti cha komanda. Nikamwomba Mwalimu afute.

"Haifutiki, mama. Niliandika na bic."

"Basi, Sébastien, nipe niione. Nione tu kitu kilichonimaliza."

Akanipa, kwa sababu alijua sisomi. Ni kweli sikuisoma. Niliitazama. Mimi nasuka vikapu, na msukaji akishautazama mchoro vizuri haumtoki. Nilimtazama yule simba na yale maneno chini yake mpaka Sébastien akainyakua.

Wakati baraza wanapumzika na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nilienda nyuma ya jiko langu, nikachimba kiazi kimoja, nikakikata, nikachonga kwa kisu cha kumenyea. Wino nilifanya kama komanda alivyofanya, masizi na mawese. Mapendo akaandika karatasi: shamba linarudi kwa Euphrasie, mjane wa Élie. Nikaigonga. Kibuyu cha pili kilikuwa hakijaisha niliporudi.

Sébastien aliitazama akacheka.

"Ya uongo. Huyu simba iko anatazama upande mwingine."

Mwalimu akaweka karatasi zote mbili magotini, akafuta miwani, akazisoma.

"Komanda alichonga herufi sawasawa juu ya kiazi," akasema, "kwa hiyo kwa karatasi zilitoka kinyumenyume. Mama yeye hajui herufi, amechonga vile alivyoziona, kinyume, zimetoka sawa. Hapa kumeandikwa Serikali ya Muda. Ya Mama Mapendo inasomeka. Ya kwako, Sébastien, miaka saba hakuna aliyeisoma. Tulimwamini simba."

"Lakini huyu si serikali!"

"Kile kiazi kilitoka gunia la nani?" nikamwuliza.

"Lako."

"Hiki ni kitukuu chake. Nimekipanda, nimekipalilia. Wenyewe walikimbia, mimi nikabaki nacho. Sasa niambie nani mwenye muhuri."

Dancille alisema afadhali mimi kuliko bata, na sijui kama ilikuwa kuniunga mkono. Mwalimu akalamba bic yake.

"Kuna serikali zilizorithiwa vibaya kuliko hii," akasema, akaandika.

Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa shamba, pamoja na kabichi za Sébastien zilizokuwa ndani yake. Nimezila. Hazikuwa tamu, alizipanda karibu karibu.

Lakini katika kaye kuna ukurasa mtupu wenye jina langu juu. Mwalimu anasema kila aliyepiga muhuri lazima ahukumiwe siku atakapokuwa hayupo. Dancille ameshaomba nafasi ya kushitaki. Wa kukalia kiti changu bado hajapatikana. Nimemwambia Mapendo aanze kujizoeza upuuzi mapema.

Na siku hizi, kila asubuhi, majirani wananisubiri mbele ya jiko na makaratasi yao: huyu na mpaka wake, yule na bata. Wananiita mheshimiwa mama, watu ambao hawakuleta hata jembe la kuazima nilipofiwa. Ninawaambia warudi Jumatatu. Jumatatu niko shambani.