Fulana Hazitutoshi

Usiku ule simu ya binti yangu haikupatikana. Redio ilisema kambi yao ya mpakani imeshambuliwa, askari mmoja ameuawa, na jina lake litatolewa familia ikishaarifiwa. Nikakaa kwenye kochi, simu mapajani. Kila gari lililopunguza mwendo nje, moyo wangu ulisimama nalo.

Tulimwita Kamanda tangu hajang'oa meno ya utotoni, kwa jinsi alivyowapanga wadogo zake mstari kwenda kuoga. Alipoingia jeshini hakuna aliyeshangaa. Mimi nafanya usafi na kupika chai ofisini kwa mbunge wetu, kwa hiyo bajeti ya ulinzi ilipokaribia alinipigia.

"Mama, wewe unaonana na Mheshimiwa kila siku. Mwambie fulana hazitutoshi."

"Mmenenepa, eeh?"

Akacheka. "Mama wewe! Mwambie tu, ataelewa." Simu ikakatika.

Kesho yake niliweka chai mezani, nikafikisha ujumbe. "Mheshimiwa, binti yangu anakusalimu. Anasema fulana haziwatoshi."

Mheshimiwa si mtu mbaya. Zahanati yetu ni yeye aliyeipigania. Kila mwaka alisimama bungeni akasema jambo lilelile: tunanunua silaha mno, na mama anayejifungulia njiani hana askari wa kumlinda. Mimi kitinda mimba wangu nilimzaa njiani, kwa hiyo nilikuwa upande wake moja kwa moja. Siku ile alitabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wiki mbili baadaye tulimsikiliza redioni, mimi na karani wake.

"Mheshimiwa Spika, humu naona fungu limeandikwa fulana. Fulana! Mama anayenipikia chai ana mtoto jeshini, ameniambia kwa mdomo wake: fulana haziwatoshi. Kumbe vijana wetu wanashiba mpaka nguo zinawabana! Fungu hili liende kwenye dawa."

Meza zikagongwa. Karani akanipiga bega. "Mama Kamanda, umeingia bungeni bila kura hata moja!" Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa aproni. Fungu likafyekwa.

Usiku ule wa kochi ulipopambazuka, walikuja askari wawili, kofia mikononi. Nilijua kabla hawajaketi. Mkubwa wao alisema aliyotumwa kusema. Nikauliza aliumia wapi. Kifuani, risasi moja.

"Hakuwa na fulana, mama," akasema yule mwenzake, aliyekuwa kambi moja naye.

"Mwanangu ana fulana sita. Nilimnunulia mwenyewe."

Wakatazamana.

"Fulana za kuzuia risasi, mama. Tulikuwa nazo nne, watu kumi na mmoja. Tunapokezana. Yake alikuwa ameshamvulia aliyeingia zamu."

Ndipo nilipolisikia lile neno kama alivyolisema yeye. Na kicheko chake kabla simu haijakatika.

Watu walianza kujaa nyumbani. Wifi yangu akanidaka mlangoni.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Kazini."

Karani aliponiona naingia ofisini alisimama, machozi yanamtoka. "Pole, mama. Mheshimiwa hayupo."

Gari lake lilikuwa nje. Na sakafu ile naipiga deki mimi miaka tisa, nawezaje kutokuona viatu viwili vimesimama nyuma ya mlango, pale kwenye upenyo wa chini? Nikabisha.

"Mheshimiwa, ni mimi. Ujumbe niliuleta vibaya. Hazikuwabana. Zilikuwa chache."

Nikauegemea mlango.

"Sikuja kukulaumu. Nilicheka na mimi. Lakini wamebaki kumi kule, na fulana ni zilezile nne. Nimekuja kukwambia hilo tu, ukalirekebishe kwa mdomo wako, kama ulivyolisema."

Viatu havikusogea. Nilisikia anapumua.

Ufunguo wa akiba ulikuwa mkobani mwangu, maana ofisi hiyo naifungua mimi kila asubuhi. Niliushika mpaka ukapata joto la kiganja. Kisha nikamwekea karani mezani, nikarudi kukaa kwenye benchi la wageni, nikiutazama mlango. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Karani alipika chai mwenyewe, akaiacha ipoe. Mlango haukufunguliwa.