Mama Mkwe, Cherehani na Vimondo vya Mchana

Saa nne asubuhi, jua linawaka kisawasawa, na fundi wa madishi anayejulikana kama Antena amechuchumaa juu ya paa, anafuta kioo cha kamera kilichokaa kama bakuli lililopinduliwa. Usiku, kamera hiyo hupiga picha anga lote kwa mpigo mmoja, ikivizia vimondo.

"Mchana kamera inapumzika, anashika zamu huyu," anasema, akiigonga redio.

Redio imetegwa kwenye kituo cha mbali mno, ambacho kwa kawaida hakisikiki hapa. Kimondo kikiungua juu, huacha mkia, na mawimbi ya kituo hicho huugonga na kurudi chini. Kufumba na kufumbua unasikia kipande cha wimbo, kisha kimya.

"Hata jua likiwaka, vinapita. Watu wanadhani nawapiga fiksi!"

Vyombo ni vya watafiti wa anga. Yeye ni mtunzaji tu. Mwezi uliopita walimwambia bila kumung'unya maneno kwamba redio imejaa mikwaruzo, na isipokoma, vyombo vitahamishwa.

"Roho iliniuma. Nimevizoea kama watoto," anasema.

Akaanza kumsaka mchawi wa mikwaruzo hiyo. Alizima taa, akazima friji mpaka maziwa yakachacha na mkewe akamjia juu. Mwishowe akamnasa: cherehani cha umeme cha mama mkwe, chumba cha chini. Loo!

"Nikamwomba mke wangu akaongee naye. Akanijibu, 'Mama ni wangu, vimondo ni vyako. Nenda mwenyewe.'"

Akaenda. Akamwamkia, akasifia vitambaa, akaulizia magoti yake.

"Nikamwambia, mkwe, sema shida yako, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" anasimulia mama mkwe, mshonaji wa sare za shule, akicheka mpaka machozi. "Aliposema, nikamwambia sizimi mashine yangu kwa kitu nisichokijua. Nisikie kwanza."

Fundi akashusha spika ya redio hadi chumbani kwake. Mashine ikazimwa, wakangoja. Kimya. Mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono kuiwasha tena, mara sauti ya mwanamke ikachomoza, nusu neno, ikakatika.

"Kaimba nini huyo?"

"Sijui, mama. Kimeshapita."

"Masikini! Hata hakumaliza!"

Siku hiyo hiyo mama mkwe akatoa cherehani chake cha zamani cha kukanyaga. Magoti yanamuuma, na hafichi. Lakini wiki iliyopita watafiti walipokuja wakiwa na maboksi matupu ya kufungia vyombo, walimkuta amekaa mlangoni.

"Niliwaambia, mimi nakanyaga kutwa kwa ajili ya vimondo vyenu, halafu mvihamishe? Sikilizeni kwanza!"

Wakasikiliza. Mikwaruzo haikuwapo. Waliondoka na maboksi yao matupu, na sasa wanataka kuongeza redio ya pili. Antena tayari anapima pa kuiweka, upande wa pili wa paa, na hawezi kuficha furaha.

Mama mkwe anamsikiliza, anakata uzi kwa meno.

"Weka unapotaka, baba," anasema. "Ila hiyo ya pili mtunzaji ni mimi."