Elina na Kadi ya Karani

"Huyu Elina alikosa nini hata alale zizini kwa mke mwenzie?" Jirani yangu Magdalena aliniuliza hivyo mwaka ule wa kuhamia vijijini, sabini na nne.

Hakukosa kitu. Nilikuwepo.

Elina alikuwa mke wa pili wa mzee Alute, huku kwetu Mtinko. Kwa Wanyaturu kila mke ana nyumba yake na shamba lake, na mkutano ulikubali kila mke apewe kiwanja chake katika kijiji kipya. Novemba mgambo wakabomoa nyumba yake ya tembe. Alipofika na wanawe wawili, jina lake halikusomwa kwenye orodha ya viwanja.

"Huna jina, huna kiwanja," karani Fabiano akamwambia.

Dina, mke mkubwa, akacheka. "Hata karatasi inajua nani alitangulia."

Elina alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Akaomba aone orodha ilivyotengenezwa. Karani alikuwa na kadi aliyoitoboa kidirisha cha mstari mmoja. Aliitelemsha juu ya daftari la kaya, kushoto jina la mume, kulia la mke, akinakili anachokiona.

"Ndugu karani, hebu mnakili Paskali," Elina akasema. Paskali ana mke mmoja. Akatoka sawa.

"Sasa Mughwai."

Mughwai ana wake watatu. Akatoka mke mmoja tu, yule mkubwa.

Hapo sote tukaona. Wake wadogo waliandikwa chini ya mkubwa, na kushoto pakaachwa wazi, maana nani asiyejua ni wa nani? Karani naye, kushoto pakiwa wazi, alidhani mstari hauna mtu. Hakutazama kulia, alitelemsha kadi tu. Wanawake kumi na mmoja walirukwa hivyo.

"Umegundua, mwalimu," Fabiano akasema, watu wakacheka. "Lakini orodha imeshapigwa mhuri, iko wilayani. Ngojeni mwakani."

Jumatatu mvua ikaanza. Dina akampa kona ya zizi, na ng'ombe wakamkojolea mtoto mdogo usingizini. Mimi nilikuwa na chumba. Niliogopa mgambo wasinikute na mtu asiye kwenye orodha, sikumkaribisha, Mungu anisamehe.

Asubuhi Elina alikwenda ofisini na watoto wake wamelowa. Fabiano hakuinua kichwa. Elina akasema:

"Ndugu karani, naomba unionyeshe pa kulala, mimi na wanangu."