Mmbea wa Taa za Kijani

Asubuhi hiyo niliondoka Ganjoni na mfuko mmoja wa nguo, nisijue niendako. Shemeji alikuwa amenifukuza kwa kuifungua redio yake nione sauti inapitia wapi, na nilichohitaji kabla ya jua kuzama ni mahali pa kulala. Miguu ikanipeleka Mji wa Kale. Kwenye kichochoro kimoja nikamkuta fundi juu ya ngazi inayoyumba. Nikaishika bila kuombwa, na kufikia adhuhuri nilikuwa msaidizi wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuunganisha kompyuta za duka la vitambaa na zile za ghala lake, mtaa wa nyuma. Tajiri mwenye duka alichoka kutuma mtu mbio kuuliza kama kitambaa cha doria nyeupe kimebaki. Lakini waya ukiwa mrefu mno maneno yake hufifia. Lazima katikati pawe na kisanduku cha kuyapokea na kuyasukuma mbele. Na katikati palikuwa na nyumba ya bibi mmoja mzee, mjane.

Tulipiga hodi. Akatukaribisha, akawaulizia hali hata jamaa zetu asiowajua, kisha akakitazama kisanduku.

"Hichi chafanya nini?"

"Ni habu, bibi," fundi akasema. "Kompyuta moja ikitoa neno, hichi hulirudia kwa zote."

"Hata kwa isiyohusika?"

"Hata hiyo."

"Basi ni mmbea. Kwangu hakikai."

Fundi akatoa mkobani kingine, kipya zaidi. "Hii ni swichi. Yajua kila mmoja alipo. Neno humfikishia mwenyewe tu, wengine hawasikii."

Bibi akashika kidevu. "Yaani yabeba siri za watu na kunyamaza? Hiyo mbaya zaidi, mwanangu. Mmbea wamjua. Anyamazaye utamjuaje?"

Tajiri akaitwa, akaapa kwamba siri zenyewe ni za vitambaa tu. Bibi akamwuliza kwa nini basi zipite darini kwa mjane. Tajiri akajifuta jasho kwa kipande cha hariri alichokuja nacho.

Mwishowe bibi akakata shauri: mmbea akae, ila mgeni mwenye mdomo haachwi chumbani peke yake. "Nani atalala nacho?"

Fundi alikuwa na mke Likoni. Tajiri akakumbuka ghafla mzigo unaomngoja. Wote wakanigeukia.

"Wewe una mdomo?" bibi akauliza.

"Nina masikio tu, bibi."

"Vyema. Ukisikia chanitaja, niite."

Akanipa chumba cha juu chenye ngazi yake ya nje. Alasiri habu ikapigiliwa ukutani, taa zake za kijani zikaanza kukonyeza, na huko ghalani mtu akapiga ukelele wa furaha. Bibi akapanda na chetezo, akakifukiza udi kisanduku, kisha mimi, akaweka vikombe viwili vya kahawa. Nilingoja kwa adabu. Nilipoona mwenzangu hanywi, nikavinywa vyote viwili, nikatandika mkeka.