Mume Aliyekataliwa na Mashine

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nje, kwenye foleni ya waombaji kazi pale Kakuma, mgongo umeegemea ukuta wa mabati ambao saa tatu tu asubuhi ulikuwa tayari unachoma, na kutoka ndani ikaja sauti fupi, kali, kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Pii. Kimya. Kisha tena, pii. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Hawa wanafuga nini humo ndani?"

"Labda simu," nikasema.

"Simu gani inalia kama inaumwa?"

Ilikuwa kompyuta. Nilipoingia niliiona imekaa juu ya meza ya mbao laini, imefunikwa nusu kwa kanga kuukuu ili vumbi lisiiingie. Katika ofisi nzima kulikuwa na moja tu, na waya wake ulitoka dirishani kwenda kwenye jenereta. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na cheti cha miezi sita kutoka Kitale kinachosema kwamba ninaweza kuitumia. Nadhani hakukuwa na mwingine mwenye cheti hicho kwenye foleni ile. Nikaajiriwa siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kambi nzima ilikuwa inahamishwa kutoka kwenye kadi za mkono kwenda kwenye kadi za kompyuta. Kila familia ingekuja, ingeulizwa maswali, mimi ningechapa majibu, mashine ingeyakubali, na printa ingetoa kadi mpya. Bila kadi mpya hakuna mahindi, hakuna mafuta, hakuna maharagwe siku ya mgao. Sauti niliyoisikia nje ilikuwa ya mashine ikikataa.

Fundi aliyeileta, kijana Mzungu mpole aliyeungua pua na jua, alikaa nasi siku tatu akitufundisha. Alisema programu ile haihifadhi majibu tu, inayapima. Mtoto akiwa mkubwa kuliko mama yake, italia. "Inafikiri kidogo," alisema, na akaweka kidole kwenye kichwa chake. Kisha akamtazama mkalimani wetu, akacheka bila ubaya. Alisema miaka si mingi ijayo mtu ataongea lugha yake mbele ya mashine kama hii, nayo itatafsiri yenyewe.

Mkalimani wetu alikuwa Msudani wa makamo, mrefu mpaka akiingia mlangoni anainama. Kwao alikuwa mwalimu, na sote tulimwita Mwalimu. Alijua Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kiingereza, na Kiswahili alichojifunzia kambini, ambacho alikitembeza bila kukifunga kamba.

"Hiyo mashine," aliniuliza fundi alipotoka, "itakunywa chai?"

"Haitakunywa, Mwalimu."

"Basi hiyo si mkalimani. Mkalimani ni mtu ya kunywa chai na watu kwanza."

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda. Mashine ililia mara chache, na kila ilipolia ilikuwa nimekosea mimi. Nikaanza kuiamini. Niseme ukweli, niliipenda. Nilipenda jinsi maisha ya mtu yalivyokaa sawa ndani ya visanduku vyake, mstari juu ya mstari, katika mahali ambapo upepo wa saa kumi jioni hauachi kitu mahali pake.

Ndipo akaja yule mama.

Alikuwa mwembamba, mwenye alama za chale za ujana wake kwenye paji la uso, na watoto wawili waliomshika gauni, mmoja kila upande. Mwalimu alimwamkia, akamuuliza habari za njia, za watoto, za jamaa waliobaki, na mimi nikasubiri vidole vikiwa juu ya herufi. Kisha tukaanza. Jina lake. Majina ya watoto. Jina la mume. Alilitaja mara moja, kwa sauti iliyonyooka.

"Mume yuko wapi?"

"Alikufa," Mwalimu akatafsiri. "Kwa vita. Ule mwaka vita ilianza."

Nikachapa. Nikauliza mwaka wa arusi, akasema. Nikachapa.

Pii.

Nikatazama. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Mume alikuwa amekufa miaka minne kabla ya arusi.

"Mwalimu, muulize tena."

Akamuuliza. Mama akajibu vilevile. Nikachapa vilevile, pii. Mtoto mdogo akacheka, akamtazama mama yake kama kumwomba aseme tena ili ndege alie.

"Amechanganya miaka," nikasema.

"Hakuchanganya." Mwalimu alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Sikiliza, binti yangu. Huyo mtu alikufa kijana. Hana mke, hana mtoto. Sasa jina lake lipotee? Hapana. Ndugu yake mdogo anachukua ng'ombe ya familia, anamwolea mke. Mke ni ya marehemu. Mdogo anaingia nyumbani, watoto wanazaliwa. Hao watoto ni ya marehemu. Wanaitwa kwa yeye. Umeelewa?"

"Kwa hiyo mume hajawahi kumwona."

"Kwa macho, hapana."

"Na huyo mdogo wake yuko wapi?"

"Yuko hapa kambini. Ni shemeji yake." Akanitajia na jina lake.

Mama alikuwa akitufuata kwa macho, kutoka uso hadi uso. Hakuonekana kushangaa. Aliyeshangaa nilikuwa mimi, na mashine.

Hapo mtu wa zahanati akaja kumwita Mwalimu haraka, kuna mgonjwa ambaye hakuna anayemwelewa. Akaondoka akisema atarudi. Nikabaki na yule mama, watoto wawili, na foleni iliyofika hadi kwenye uzio. Mgao ulikuwa kesho yake. Nikamtazama mtoto mkubwa, shingo yake ilivyokuwa nyembamba kubeba kichwa kile, nikaona huruma, na huruma ikanipa akili mbaya. Katika majibu ya Mwalimu kulikuwa na jina la shemeji. Aliyewazaa watoto ni yeye. Yu hai, yuko hapa hapa. Nikafuta jina la marehemu. Nikaweka la mdogo wake.

Mashine ikanyamaza.

Printa ikatoa kadi, ikiwa bado na joto, nami nikampa mama kwa mikono miwili. Aliipokea kwa mikono miwili. Hakujua kusoma. Aliigusa kwa kidole gumba, akasema neno nililojua maana yake kuwa ni asante, akaenda. Mwalimu aliporudi nikamwambia, "Imekubali." Hakuniuliza imekubali nini. Alikuwa amechoka, na aliniamini.

Jumamosi nilipanda lori hadi Lodwar, kwa mama yangu. Alikuwa anauza vikapu vya mkoma karibu na soko, na siku hiyo nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha nyumba, miguu imenyooshwa, anasuka.

"Ejok," nikamwamkia.

"Ejok. Umekonda. Hiyo mashine inakula chakula yako?"

Nilicheka, nikaketi karibu naye, na nikamsimulia. Nilimsimulia kama habari ya ushindi. Jinsi mashine ilivyokataa, jinsi foleni ilivyokuwa ndefu, na jinsi nilivyowapatia watoto chakula kwa kubadilisha jina moja tu. Nilitaka anisifu. Mama alisuka mizunguko miwili kabla ya kusema.

"Umewapa baba mwingine."

"Mama, ndiye aliyewazaa."

"Aliyewazaa." Alikata jani la mkoma kwa meno. "Kitambulisho chako kina jina ya nani?"



Jina lililo kwenye kitambulisho changu ni la babu, baba yake mama. Baba aliyenizaa nilimjua. Alikuwa mtu wa Katilu, mkulima wa kando ya mto, mchekeshaji, alikuwa akiniletea mtama kwenye mfuko wa koti. Lakini ng'ombe alioahidi hawakutimia hadi alipofariki, na kwa desturi yetu mtoto ambaye mahari ya mama yake haijatimia ni wa nyumba ya babu yake. Hata sura yangu, ambayo ni yake tupu, haikubadilisha hilo. Nilipokwenda na mama kwenye ofisi pale Lodwar kuomba kitambulisho, karani aliuliza jina la baba, na mama akataja la babu bila kusita. Karani alikuwa mtu wetu. Aliandika, akauliza swali la pili.

"Je," mama akasema, "yule karani angefuta babu yako akaandika mtu ya Katilu, kwa sababu ameona uso yako?"

"Ningekosa nyumba."

"Ungekosa nyumba. Na mimi ningepigana na yeye huko huko ndani."

Alisema akicheka, lakini mimi sikucheka. Nilikaa pale mpaka kivuli kikahama. Siku hizi marafiki zangu wanaoandika hubishana sana kama mashine zitakuja kuzungumza lugha zetu, na wengi huogopa kwamba zitazizungumza vibaya. Mimi huogopa jambo dogo zaidi. Mashine ile haikujua Kidinka wala Kiturkana cha kwetu, na haikudai kujua. Ilijua tu nyumba moja, ya baba, mama na mtoto, kama ilivyo kwa watu walioitengeneza, na ilidhani dunia nzima inalala katika nyumba hiyo. Hilo si kosa la mashine peke yake. Ililia. Ilisema kwamba kuna kitu isichokielewa. Mimi niliyekielewa ndiye niliyeinyamazisha.

Jumatatu nilifika Kakuma nimeazimia kumtafuta yule mama. Sikuhitaji. Alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa kichwani kama mtu aendaye kanisani, na kando yake mwanamume aliyeinamisha uso. Mwalimu alikuwa amesimama nao. Hakuniita binti.

"Jirani alimsomea kadi," alisema. "Sasa watu ya kijiji chao wanasema huyu shemeji ameiba nyumba ya kaka yake. Wanasema ameandika watoto kwa jina lake, kwa serikali. Jana wazee wamemkalisha. Yeye anaapa hajui kitu. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

Mwanamume akainua uso kunitazama. Nilitegemea hasira. Niliona unafuu, unafuu wa mtu aliyepata shahidi, na huo uliniuma zaidi. Mama akaiweka kadi juu ya meza, mbele ya kompyuta, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi iliponigusa. Akasema maneno machache.

"Anasema chukua," Mwalimu akatafsiri. "Chakula ya jina hii hawezi kula. Na ile ya wiki jana walikula, anataka kujua atairudisha namna gani."

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi, mzee mmoja kutoka Kisii aliyekuwa akihesabu miezi ya kuhamishwa kutoka kwenye joto lile. Nikamweleza yote, pamoja na jina nililolifuta. Alivua miwani.

"Ulichapa kitu ambacho mtu hakusema?"

"Ndiyo, mzee."

"Unajua naweza kukufukuza sasa hivi?"

"Najua."

"Kwa nini hukuja kuniita?"

"Nilidhani nasaidia."

Akapumua kwa nguvu. "Kila mtu hapa anasaidia. Ndiyo maana hatulali." Alikuja hadi mezani, akajaribu mwenyewe. Akaandika jina la marehemu, akaandika kifo, akaandika arusi. Pii. Akaacha mwaka wa kifo wazi. Mashine ikakubali, ikauliza mume atakuja lini kupigwa picha. Mwalimu alipotafsiri hilo, mama akaweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

"Anasema wakimleta, na yeye anataka kumwona."

Hata mzee alicheka. Kisha akavuta droo, akatoa kadi ya zamani, ile ya karatasi ngumu ya manjano, akanipa kalamu.

"Andika kwa mkono. Nitapiga muhuri. Nitaandika barua kwa wakubwa waseme hiyo programu iongezewe nafasi, lakini sikuahidi kitu, umesikia? Hii itapita kwa mgao wa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha mama arudi, tuone."

Mwalimu akamweleza, pamoja na ule mwezi mmoja, hakuuficha. Na kuhusu chakula kilicholiwa, mzee alisema hakirudishwi, watoto walikuwa na njaa kwa jina lolote. Mama alifikiri, akaitikia kwa kichwa.

Niliandika polepole. Mwalimu alinitajia jina la marehemu herufi kwa herufi. Chini yake niliandika majina ya watoto, kila moja likifuatwa na la marehemu. Jina hilo silitaji hapa, si langu kulitoa. Nilipomaliza nikamkabidhi Mwalimu amsomee, lakini mama alitikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi.

"Anataka usome wewe," Mwalimu akasema. "Wewe ndiye ulifuta."

Nikasoma. Nililitamka vibaya, naye akanisahihisha. Nikasoma tena. Mara ya tatu hakusema kitu. Shemeji yake, aliyekuwa bado amesimama, alivua kofia wakati jina la kaka yake likitajwa, akaivaa tena lilipokwisha.

Mama aliichukua kadi, akaitia kifuani chini ya gauni, akawashika watoto mikono. Mwalimu aliwasindikiza hadi kizingitini, akiinama. Upepo ulikuwa umeanza, vumbi likaingia mpaka miguuni petu, na shemeji, aliyetoka wa mwisho, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga.